Nimezipima kurasa kubwa za Linux kwenye seva ya PostgreSQL: ni za bure, ila zina masharti

Watu hutoa nyota kwa simu, kwa spika, kwa migahawa ya Masaki. Mimi leo natoa nyota kwa kitu kisichouzwa dukani, kisicho na boksi wala risiti, lakini kimeiokolea ofisi yetu pesa kuliko kifaa chochote tulichowahi kuagiza. Ni kurasa kubwa za kerneli ya Linux, yaani kukifanya kiini cha mfumo kiigawe RAM kwa vipande vikubwa badala ya vidogo.

Mimi ni msimamizi wa kanzidata kwenye chama cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa Kanda ya Kaskazini. Seva ya kanzidata ni moja, ina RAM GB 128, inaendesha programu ya kanzidata ya PostgreSQL, na prosesa zake ni Xeon za kizazi cha Skylake, mtumba wenye afya. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kurasa kubwa za kutenga mwenyewe kwa mpangilio wa vm.nr_hugepages nazipa nyota nne na nusu. Zile zinazogawiwa na kerneli yenyewe bila kuombwa, THP (Transparent Huge Pages), nazipa tatu. THP hizohizo chini ya Redis, kanzidata inayokaa ndani ya RAM, moja, na hiyo moja ni heshima tu.

Kilichotufikisha huku ni RAM. Mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, wanachama wanakimbilia mikopo ya dharura, matawi yote yanafungua programu kwa pamoja, na kijana wetu wa TEHAMA ananijia na sura ya mfiwa: "Dada, RAM imeisha tena." Kwa hesabu za kawaida haikuwa na sababu ya kuisha. shared_buffers, kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL, ilikuwa GB 32, work_mem, ile ya kazi za kila swali, ya kiasi, na hakuna programu ya Java iliyojificha mle ndani. Lakini siku moja kerneli ilikosa pa kushika, ikamtuma muuaji wake, OOM, naye akachagua mchakato mmoja wa PostgreSQL akaukata. Wanaoijua PostgreSQL wanajua kinachofuata. Mchakato mtoto mmoja akifa kwa SIGKILL, amri ya kuua papo hapo, mchakato mama hamwamini tena yeyote aliyebaki: anawaondoa wote, anaanza kurejesha data kutoka kwenye WAL, daftari lake la mabadiliko, na huko matawini watu wanakodolea macho skrini isiyosema kitu huku foleni ya wanachama ikizunguka ukuta.

Ukifungua top humwoni mwizi. Mwizi yuko kwenye /proc/meminfo, kwenye mstari ambao wengi tunauruka: PageTables. Kwetu ulisoma zaidi ya GB 14. Si data ya wanachama, si kashe, si hesabu za mtu yeyote. GB 14 za majedwali ya kumbukumbu tu.

Kwa asiyeyajua majedwali hayo, nieleze. Programu haigusi RAM moja kwa moja. Inapewa anwani dhahania, na prosesa inazigeuza kuwa anwani halisi kwa kusoma majedwali ya kurasa ambayo kerneli huyaandika na kuyatunza. Kwenye x86-64 ya kawaida ngazi ni nne, na utafutaji wake ni wa masjala ya serikali: karani anafungua rejista ya mkoa, inampeleka kwenye ya wilaya, kisha ya kata, kisha ya mtaa, ndipo anajua faili liko kabati gani. Kila jedwali lina nafasi 512 za baiti 8, hivyo linajaa KB 4 kamili, sawa na ukurasa mmoja wa kawaida. Kwa kuwa kufungua rejista nne kwa kila ombi ni mateso, karani anaweka mezani karatasi ya majibu aliyoyapata karibuni. Karatasi hiyo ndani ya prosesa inaitwa TLB, na ni ndogo kuliko unavyodhani. Kwenye Skylake za seva, TLB ya ngazi ya pili ina nafasi 1,536. Kwa kurasa za KB 4, hizo zinatosha MB 6 za kumbukumbu. Mimi nina GB 32 za shared_buffers.

Sasa hesabu iliyonifanya niache chai. GB 32 ukizigawa kwa kurasa za KB 4 unapata kurasa 8,388,608. Kila moja inahitaji nafasi ya baiti 8 kwenye jedwali la ngazi ya chini. Hizo ni MB 64 kwa mchakato mmoja uliogusa shared_buffers yote. PostgreSQL haitumii nyuzi, inatumia michakato: kila muunganisho ni mchakato wake, na kila mchakato una majedwali yake, hata kama kumbukumbu inayoelekezwa ni ileile moja ya pamoja. Weka miunganisho 400 iliyofunguliwa asubuhi na kuachwa wazi hadi jioni. Ikigusa kumbukumbu yote, ni GB 25 za majedwali yanayosema kitu kilekile, yaani nakala 400 za rejista moja. Haigusi yote kwa siku moja, ndiyo maana tuliona 14 badala ya 25, lakini kadiri muunganisho unavyokaa ndivyo jedwali lake linavyonenepa. Ukitaka kuona kila mchakato unabeba kiasi gani, soma VmPTE kwenye /proc/PID/status. Miunganisho mizee ndiyo mizito.

Usidhani ni ugonjwa wa wenye vyama vidogo. Khalid Aziz wa Oracle, alipopendekeza kerneli iruhusu michakato kushiriki majedwali, alieleza seva ya RAM GB 512 iliyokuwa na eneo la pamoja la GB 300. Wateja zaidi ya 1,500 walipojiunga, seva ilikufa kwa kukosa kumbukumbu. Hesabu yao ya hali mbaya kabisa ilikuwa zaidi ya GB 878 za majedwali peke yake, kwa data ya GB 300. Niliposoma hapo nilimwita kijana wetu aje aone kwamba hatuko peke yetu. Akasema, "Kumbe hata wakubwa wanaumwa." Wanaumwa sana tu.

Dawa ni ukurasa wa MB 2 badala ya KB 4. Utafutaji unaishia ngazi ya tatu, ya nne haipo tena. GB 32 zinakuwa kurasa 16,384, na majedwali ya kuzielekeza kwa kila mchakato yanakuwa KB 128 badala ya MB 64. Miunganisho yangu 400 inabeba MB 50 kwa hesabu hiyo, na kwa kurasa za aina hii kerneli inaweza hata kuiacha michakato ishiriki jedwali moja. TLB nayo inanufaika. Nafasi zilezile 1,536 zilizokuwa zinatosha MB 6 sasa zinatosha GB 3. Prosesa ni ileile, RAM ileile, nyaya zilezile.

Kufunga si kazi ngumu. Kuanzia PostgreSQL 15 unaiuliza yenyewe inahitaji kurasa ngapi:

SHOW shared_memory_size_in_huge_pages;

Itakupa idadi inayozidi ile ya shared_buffers, kwa sababu kuna vitu vingine vinavyokaa kwenye kumbukumbu ya pamoja. Chukua idadi hiyo, ongeza kidogo, iandike kama vm.nr_hugepages kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, washa seva upya, na uhakikishe kwenye /proc/meminfo kwamba HugePages_Total imefika ulikotaka. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Ukiomba kurasa kwenye seva iliyokaa miezi bila kuzimwa, kerneli inaweza isipate vipande vya MB 2 vilivyoshikamana, na haitakupigia kelele: inakupa ilizopata, inanyamaza. Unaomba 17,000 unapewa 11,000. Ndiyo maana nasema washa upya, utenge mapema kabla RAM haijatawanyika. Wenye roho ngumu huandika 1 kwenye /proc/sys/vm/compact_memory na kujaribu tena bila kuzima. Wakati mwingine inakubali.

Matokeo? PageTables ilishuka kutoka GB 14 na kitu hadi mamia machache ya MB, na tangu hapo mwisho wa mwezi OOM hajaonekana mlangoni. Kwa upande wa kasi nisikudanganye, si muujiza. Ripoti ya kufunga mwezi iliyokuwa ikichukua dakika 20 hivi sasa inachukua 17. Maswali madogo ya kaunta hayakubadilika kwa kiasi ambacho mwanachama angekiona. Mtu akikuambia kurasa kubwa zitaifanya kanzidata yako ipae, muulize anauza nini. Nyota ninazotoa hapa ni za RAM iliyorudi na za usiku ninaolala. Zile GB 14 zimekwenda kwenye kashe ya mafaili, zinafanya kazi ya maana. Na tulikuwa tumeshaomba nukuu ya bei ya RAM zaidi. Meneja aliposikia haihitajiki tena, alitabasamu kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwenye vikao vya bajeti.

Faida nyingine haisemwi sana: kurasa hizi haziendi kwenye swap, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Kumbukumbu ya kanzidata yako inabaki RAM hata jirani yake akifanya fujo.

Basi nusu nyota imepotelea wapi? Kwenye neno moja la mipangilio: try. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, PostgreSQL huja na huge_pages = try, maana yake jaribu, ukishindwa endelea na kurasa za kawaida. Inaonekana ni ustaarabu, kumbe ni mtego. Chukua hali hii: umetenga kurasa zinazotosha barabara. Miezi inapita, mtu anaongeza max_connections, kumbukumbu ya pamoja inakua kidogo, kurasa ulizotenga hazitoshi tena, kwa tofauti ya chache tu. PostgreSQL inawaka kama kawaida, imejaribu, imeshindwa, imechukua KB 4, na taarifa yake imeiandika kwa kiwango cha DEBUG1 ambacho hakuna anayekisoma. Ubaya zaidi ni kwamba kurasa kubwa ulizotenga bado zimefungiwa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa. Kwa hiyo GB 33 zimekaa bure na PostgreSQL imechukua GB 33 nyingine pembeni. Umelipa mara mbili na ugonjwa umerudi palepale. Dada mmoja ninayefahamiana naye, anayesimamia seva ya hospitali moja ya binafsi, alikuta hali hiyo kwenye mashine aliyorithi kutoka kwa mtangulizi wake. HugePages_Free ilikuwa sawasawa na HugePages_Total, yaani hakuna hata moja iliyotumika, na hakuna aliyejua ni tangu lini.

Andika huge_pages = on. Ikikosa, isiwake, ujue leoleo na si mwisho wa mwezi. Kwenye toleo la 17 wameongeza huge_pages_status inayosema wazi kama zinatumika. Ilichelewa, lakini ahsante.

Wenye makontena nao wana lao. Kama seva mama imetenga kurasa kubwa lakini podi yako ya Kubernetes (fungu la makontena yako) haikupewa mgao wake, PostgreSQL inaona kurasa zipo, inaahidiwa, na inapozigusa inakatwa na Bus error pale kwenye initdb, hatua ya kuandaa kanzidata mpya. Ujumbe huo umewapotezea watu wengi saa nyingi kwa sababu unafanana na RAM mbovu. Omba mgao wa hugepages kwenye podi, au andika huge_pages = off.

Wapo watakaosema: dada, weka PgBouncer, ile programu ya kugawana miunganisho michache kwa wengi, miunganisho 400 ya nini? Wana haki. Majedwali yanazidishwa kwa idadi ya michakato, ukipunguza michakato umepunguza majedwali. Ila programu yetu ya mikopo iliandikwa na mkandarasi nisiyemtaja, inategemea majedwali ya muda na kufuli zinazoshikiliwa muunganisho mzima, vitu ambavyo havivumilii kuhamishwahamishwa kati ya muamala na muamala. PgBouncer kwa namna ya session, ambapo mteja anakaa na muunganisho hadi atoke, haipunguzi chochote pale kila karani anapokaa na muunganisho wake kutwa. Kama yako inaruhusu namna ya transaction, ambapo muunganisho unaachiwa kila muamala ukiisha, anza na hiyo, kisha uje kwenye kurasa kubwa.

Tuje THP. Iliingia kwenye Linux 2.6.38 mwaka 2011, kazi ya Andrea Arcangeli, na wazo lake ni zuri: kwa nini msimamizi asumbuke na hesabu? Programu ikiomba kumbukumbu, kerneli yenyewe iangalie, ikipata kipande cha MB 2 impe. Na nyuma yake kuna mfanyakazi wa usiku, khugepaged, anayepita akiunganisha kurasa ndogo kuwa kubwa. Swichi yake iko /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled na ina hali tatu: always (kila programu), madvise (zinazoomba tu) na never (hakuna).

Hapa kuna imani moja niiondoe kabisa kwa sababu naikuta kila mahali. "Mimi THP yangu iko always, kwa hiyo PostgreSQL yangu imeshafaidika." Hapana. shared_buffers ni kumbukumbu ya pamoja, na kumbukumbu ya pamoja ina swichi yake tofauti, shmem_enabled, ambayo kwa kawaida huja ikiwa never. THP ya always itagusa kumbukumbu binafsi za michakato, zile za kupanga na kuunganisha data, lakini lile dubwana la GB 32 lililosababisha tatizo haligusi. Tazama AnonHugePages na ShmemHugePages kwenye /proc/meminfo, utajionea.

Kilichoipa THP sifa mbaya miaka ile ya mwanzo ni ule utaratibu wa kutafuta kipande cha MB 2 palepale programu inaposubiri. Kama RAM imetawanyika, kerneli inaanza kuhamisha kurasa huku na kule ili kupata nafasi, na programu imesimama. Ukiona compact_stall inapanda kwenye /proc/vmstat, ndicho kinachotokea. Mwaka 2016, kwenye 4.6, walibadilisha mwenendo huo, kerneli ikaacha kumsimamisha kila mtu na ikawa inafanya hivyo kwa waliojitangaza kwa madvise tu. Kwa hiyo makala nyingi za "zima THP mara moja" zinazozunguka mtandaoni zinahusu kerneli ambazo leo ni nadra kuzikuta. MongoDB wenyewe, waliowaambia watu miaka yote wazime, kuanzia toleo la 8.0 wanasema washa, baada ya kubadilisha namna programu yao inavyogawa kumbukumbu.

Kinachobaki kunikera ni ukarimu wa khugepaged. Kuna namba inaitwa max_ptes_none, na kwa kawaida ni 511. Tafsiri yake kwa vitendo: katika kurasa 512 za kipande cha MB 2, hata kama programu imetumia moja tu, jamaa anaruhusiwa kukupa nyingine 511 tupu na kuzijaza sifuri. Kwenye mashine yenye programu nyingi zinazogusa kidogo hapa na kidogo pale, RAM inavimba bila mtu kuomba.

Na Redis. Redis ikihifadhi data diskini inajizalisha mtoto kwa fork, na mama na mtoto wanashiriki kurasa hadi mmoja aandike. Kwa kurasa za KB 4, kuandika kidogo kunanakili KB 4. Kwa THP kunanakili MB 2, mara 512 zaidi, kwa kila sehemu inayoguswa. Ndiyo maana Redis za sasa zikiwaka hujaribu kujizimia THP zenyewe, na zikishindwa zinakupa onyo. Lisikilize.

Nyota tatu zimetoka wapi basi? Java. Seva yetu ya ripoti inaendesha JVM, injini ya programu za Java, tumeweka THP kwenye madvise na JVM tukaiwasha na -XX:+UseTransparentHugePages. Anayeomba anapewa, asiyeomba anaachwa. Imekaa vizuri, sijaigusa tena. Kama ungeniuliza chaguo moja la kuweka kwenye kila seva bila kufikiri, ni madvise.

Wanaokodi seva pepe wajue jambo moja. Ndani ya mashine pepe utafutaji wa anwani unafanyika mara mbili, majedwali ya mgeni juu ya majedwali ya mwenyeji, na TLB ikikosa jibu, utafutaji mmoja unaweza kugusa kumbukumbu hadi mara 24 badala ya 4. Hapo kurasa kubwa zina thamani zaidi, lakini nusu ya uamuzi iko kwa aliyekukodisha. Ukiweka MB 2 ndani na yeye nje anatumia KB 4, TLB itafuata kilicho kidogo. RAM ya majedwali utaiokoa, kasi utaipata kidogo tu. Na kama ulichokodi ni kontena linalouzwa kwa jina la VPS, vm.nr_hugepages huwezi kuiandika kabisa. Jaribu kabla hujalipia mwaka mzima.

Kwa upande wa matoleo mapya, kuna vitu viwili ninavyovipenda. Linux 6.8 ya Machi 2024 ilileta THP za saizi za kati, kazi iliyosukumwa na Ryan Roberts wa Arm, ambapo badala ya kuchagua KB 4 au MB 2 unaweza kuruhusu KB 16, 32, 64 na kuendelea, kila saizi na swichi yake. Kwenye prosesa za Arm kurasa 16 za KB 4 zilizopangana zinaweza kukaa kwenye nafasi moja ya TLB, kwa hiyo KB 64 inalipa bila kuvimbisha RAM. Kingine kimeingia kwenye 6.14, mwaka 2025, kutoka kwa Qi Zheng wa ByteDance: kurudisha majedwali matupu. Programu inaporudisha kumbukumbu kwa madvise, kurasa zilikuwa zinaondoka lakini majedwali yaliyozielekeza yanabaki. Alionyesha mchakato wenye GB 590 za RAM uliobeba GB 110 za majedwali, mengi hayana kitu. Ile ya kushiriki majedwali ya Khalid Aziz, ambayo ingetufaa sisi wa PostgreSQL kuliko zote, imekuwa ikiandikwa upya na kujadiliwa tangu 2022. Naisubiri kwa hamu.

Kama unadhani haya ni mambo ya chumba cha seva tu, tazama simu yako. Android 15 iliruhusu kurasa za KB 16, na Google walisema vipimo vyao vya awali vilionyesha programu zikifunguka haraka zaidi kwa wastani wa asilimia 3.16 pale RAM inapobana, na umeme ukipungua asilimia 4.56 wakati wa kufungua programu. Kuanzia Novemba 2025 Play Store inadai programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yaweze kuishi na ukurasa huo. Vijana wanaoandika programu kwa C++ wameshaanza kulalamika, maana kuna watu waliandika 4096 kwa mkono kila mahali.

Nani asihangaike na kurasa za kutenga? Mwenye kompyuta ya mezani ya GB 8. Mwenye PostgreSQL ya shared_buffers GB 1 na miunganisho 20: majedwali yake yote ni MB 40 kwa hali mbaya kabisa. Mwenye seva moja iliyobeba kanzidata, barua pepe, mafaili na tovuti, kwa sababu RAM uliyoitenga hairudi kwa wengine hata wakifa njaa.

Kwa waliobaki, kabla ya kupeleka ombi la RAM kwa mhasibu, endesha grep PageTables /proc/meminfo saa nne asubuhi ya siku ya mishahara, matawi yote yakiwa wazi. Ikisoma chini ya GB 1, tatizo lako liko kwingine, angalia work_mem. Ikizidi hapo, omba ruhusa ya kuzima seva Jumapili.